DISKI YA SEVA YA TAWI: TUNUNUE IPI?



Siku hizi hesabu za matawi yetu ya Kasese na Bwera haziko katika daftari la jalada gumu peke yake. Ada ya chama, akiba, mikopo na makato ya mishahara huandikwa katika kompyuta ya ofisi. Kompyuta ile itunzayo hesabu za wote na kuwahudumia makarani wengine huitwa seva, na ndani ya seva kuna kitu kimoja ambacho ndicho daftari lenyewe, nacho ni diski. Kompyuta ikiungua hununuliwa nyingine. Diski ikiharibika na nakala hakuna, akiba ya mfanyakazi wa saruji kule Hima, au ya mchambuzi wa kahawa kule Bwera, hubaki katika kichwa chake mwenyewe na katika risiti alizobahatika kuziweka.

Wala si akiba tu. Kwa sheria ya Uganda mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara kwa NSSF, na mfanyakazi hukatwa asilimia 5. Mwajiri akikata asilimia 5 hiyo asiipeleke, tawi litamshika kwa kulinganisha orodha yake ya makato ya kila mwezi na taarifa ambayo mfanyakazi amepewa na NSSF. Orodha ikipotea, hoja nayo imepotea. Wazee wa Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982, hawahitaji kuelezwa maana ya kuwa na karatasi mtu anapodai miaka yake ya kazi.

Sasa halmashauri za matawi zimetuletea swali. Wauzaji huwaonyesha diski mbili za aina ya SSD. Moja ni ya kompyuta za nyumbani, nyingine huitwa ya seva. Ukubwa ni ule ule, gigabaiti 480, lakini ile ya pili bei yake inazidi sana. Wanauliza: je, tunaibiwa? Twajibu kwamba hapana, fedha ile ya ziada inanunua kitu cha kweli. Ila kitu chenyewe sicho kile muuzaji anachokisifu.

NIMEANDIKA, ASEMA KARANI

Diski za zamani, tunazoziita hadidiski, zina sahani zinazozunguka na kijimkono kinachosoma juu yake, karibu kama gramafoni. SSD haina kinachozunguka. Ni chipu zinazoshika chaji ndogo ndogo za umeme, na kutokana na chaji hizo kompyuta husoma herufi na tarakimu. Kwa hiyo SSD ni ya haraka, haina kelele, na haiogopi kutikiswa barabarani.

Lakini ina desturi yake. Katika chipu huwezi kuandika mstari mpya juu ya mstari wa zamani. Ili kubadili neno moja, diski huandika ukurasa mpya mahali pengine, hukumbuka ukurasa huo uko wapi, na baadaye hufuta fungu zima la kurasa za zamani. Orodha ya mahali kila ukurasa ulipo huwekwa katika kumbukumbu ya muda, kisha huhamishiwa kwenye chipu za kudumu kila baada ya kitambo. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hii, hasara yaweza kuzidi neno la mwisho. Orodha yenyewe yaweza kuharibika na diski nzima isisomeke. Tena katika chipu za siku hizi chembe moja hushika tarakimu mbili, tatu au nne pamoja. Kuandika tarakimu ya pili kukikatizwa, ile ya kwanza iliyokuwa imelala salama tangu jana yaweza kuharibika pia.

Tuchukue mfano wa karani wa mizani penye ghala la pamba. Mkulima ameweka gunia, karani ametaja kilo, mkulima anauliza, "Umeandika?" Karani anajibu, "Nimeandika." Kumbe ameandika kwenye kipande cha karatasi kilicho mkononi, atanakili kitabuni saa ya mapumziko. Upepo ukija kabla ya saa hiyo, kilo zimekwenda. Seva nayo, kila inapopokea malipo, huiuliza diski, "Umeandika?" na husubiri jibu kabla ya kumwambia karani kwamba malipo yameingia. Diski ya nyumbani ina njia mbili. Ama itajibu ukweli, nayo itachelewa, maana kila mara lazima ingoje chipu zimalize. Ama itajibu ndiyo huku maneno yakiwa bado katika kumbukumbu ya muda, nayo itaonekana ya haraka sana siku ya kujaribiwa dukani.

Diski ya seva iliyotengenezwa vizuri ina safu ya kapasita ndani yake, yaani vihifadhi vidogo vya umeme. Umeme wa nje ukikatika, kapasita huipa diski nguvu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na muda huo watosha kumwaga yote yaliyo katika kumbukumbu ya muda yaingie kwenye chipu. Kwa sababu hiyo diski hii yaweza kujibu "nimeandika" papo hapo bila kusema uongo. Ni salama zaidi, na kwa kazi ya hesabu yenye maandishi madogo mengi ni ya haraka zaidi pia. Kapasita hizo ndizo tunazolipia.

Msifikiri kwamba jambo hili ni hofu ya mafundi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wa maabara za HP huko Marekani walichukua SSD 15 za aina mbalimbali, wakazikatia umeme makusudi mara nyingi zikiwa kazini. Kati ya hizo 15, diski 13 zilionyesha hitilafu. Nyingine zilipoteza yaliyokwisha kuandikwa, nyingine ziliyavuruga, na moja ilikufa kabisa. Diski zimetengenezwa upya mara nyingi tangu hapo, lakini umeme kukatika katikati ya kuandika bado ni umeme kukatika.

Nasi tunakaa chini ya Rwenzori. Mvua za huko mlimani huja na radi, na umeme ukienda hurudi, ukaenda tena kabla seva haijamaliza kuamka. Fikirini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, foleni imefika barabarani, makarani watatu wanaingiza malipo, mara giza. Kinachotokea katika dakika ile ndicho tunachokinunua au tunachokikosa.

Wapo watakaosema: tuna UPS, kapasita za nini? UPS ni lazima iwepo, wala hatusemi vinginevyo, na iunganishwe na seva kwa waya wake wa taarifa ili seva ijizime yenyewe betri inapokaribia kwisha. Lakini betri za UPS huchoka haraka penye joto, na bonde la Kasese ni la joto. Betri iliyochoka haisemi. Inaonyesha taa ya kijani mpaka siku ya kazi. Tena UPS haisaidii mfagiaji akikanyaga waya, wala sehemu ya umeme iliyomo ndani ya seva yenyewe ikiungua. Kapasita ziko ndani ya diski, baada ya hatari zote hizo.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Swali la kwanza na kubwa ni hili: je, diski hii ina kapasita za kuilinda umeme ukikatika? Asijibu kwa mdomo. Alete karatasi ya kiwanda ya aina ile ile, namba kwa namba, na katika karatasi hiyo tafuteni herufi PLP. Hapo pana mtego. Zipo diski za nyumbani ambazo kiwanda hudai zina ulinzi, lakini mkisoma vizuri mtaona unalinda yale tu yaliyokwisha kuandikwa zamani, si yale yaliyo njiani. Hilo halitoshi kwa hesabu za fedha. Mifano ya diski zenye kapasita ni Kingston DC600M na Samsung PM893. Hatutangazi biashara ya mtu. Twazitaja ili mjue cha kulinganisha.

Swali la pili ni ukubwa, na hapa twaweza kuokoa fedha. Tuseme tawi lina wanachama 3,000, na kila mmoja huandikiwa mstari mmoja kwa mwezi. Kwa miaka 10 hiyo ni mistari 360,000. Hata kila mstari ukichukua baiti 1,000, jumla ni megabaiti 360, haijafika nusu ya gigabaiti moja. Ongezeni picha za fomu na vitambulisho, kurasa nne kwa kila mwanachama, nusu megabaiti kila ukurasa, ni gigabaiti 6. Ongezeni programu zote za seva na nafasi ya kupumulia. Gigabaiti 240 zinatosha na kubaki, na mkikosa ukubwa huo chukueni 480. Muuzaji anayewasukumia terabaiti 2 za nyumbani kwa bei ya gigabaiti 480 za seva anawauzia ghala tupu lisilo na mlango. Tangu mwisho wa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kote, kwa kuwa makampuni makubwa ya kompyuta yanazinunua kwa wingi mno, basi shawishi hiyo itakuwa kubwa zaidi.

Swali la tatu ni uvumilivu wa kuandikwa. Chipu huchakaa kila zinapofutwa na kuandikwa tena, na kiwanda hutaja kiasi cha kuandika kilichomo katika dhamana yake kwa herufi TBW, yaani terabaiti ngapi. Kingston A400 ya nyumbani, gigabaiti 480, imeandikiwa terabaiti 160. DC600M ya ukubwa ule ule imeandikiwa 876. Samsung PM893 ya gigabaiti 240 imeandikiwa 438. Wauzaji hupenda sana kupiga kelele juu ya tofauti hii. Sisi twasema tufanye hesabu kwanza. Seva ya tawi ikiandika gigabaiti 20 kwa siku, na hiyo ni hesabu ya ukarimu, kwa mwaka ni terabaiti 7.3. Kwa kasi hiyo hata ile ya 160 yaweza kwenda zaidi ya miaka 20. Ni kweli kwamba maandishi madogo madogo huchosha chipu kuliko hesabu inavyoonyesha, maana neno moja hulazimisha ukurasa mzima. Basi zidisheni mara tano: bado ni miaka minne na zaidi. Kwa hiyo kwa tawi dogo uvumilivu si jambo la kukosesha usingizi. Mkiambiwa kwamba ipo diski ya uvumilivu mara tatu kwa bei kubwa zaidi, semeni asante, mpite.

Isipokuwa penye kamera. Baadhi ya ofisi zimeanza kutumia seva hiyo hiyo kutunza picha za kamera za ulinzi. Kamera nne, kila moja gigabaiti 40 kwa siku, ni gigabaiti 160 kila siku, terabaiti 58 kwa mwaka. Diski ya terabaiti 160 itamaliza kiasi chake kabla ya miaka mitatu, na itamaliza kwa ajili ya picha za lango usiku, si kwa ajili ya akiba ya mtu. Kamera zipewe hadidiski yao peke yake.

Kabla ya kulipa, mwiteni fundi afungue seva aangalie tundu. Diski bapa ya inchi 2.5 yenye herufi SATA huingia karibu katika kila kompyuta na kila seva ya kawaida, na kwa matawi yetu ndiyo chaguo la kwanza. Ile ndogo kama kipande cha pipi, iitwayo M.2, nyingi zenye kapasita ni ndefu, milimita 110, na ubao wa kompyuta nyingi una nafasi ya milimita 80 tu. Zenye herufi U.2 zinataka tundu la pekee. Zenye herufi SAS, ambazo mara nyingi huuzwa rahisi zikiwa zimetumika, haziingii katika tundu la SATA hata zikilazimishwa.

Tukigusa zilizotumika: hatuzikatai. Kila SSD hujiandikia ndani yake saa ilizofanya kazi na asilimia ya uchakavu, na fundi huzisoma kwa programu iitwayo smartctl. Diski ya seva iliyotumika, yenye kapasita, uchakavu chini ya asilimia 10, na muuzaji aliyekubali kwa maandishi kuirudisha, twaiona bora kuliko mpya ya nyumbani. Lakini diski ya jina lisilojulikana, terabaiti nyingi kwa bei ya kuku mmoja, iacheni hapo hapo mezani. Nyingine zikifunguliwa ndani yake kuna kadi ya kumbukumbu iliyobandikwa kwa gundi.

MBILI, TENA ZISIWE PACHA

Diski moja haitoshi hata ikiwa ya dhahabu. Seva ifungwe diski mbili zinazoandika mambo yale yale kwa pamoja, mpango ambao mafundi huuita RAID 1. Moja ikifa, nyingine inaendelea, na wanachama foleni hawajui kitu.

Hata hivyo zisiwe za kiwanda kimoja na fungu moja. Mwezi wa Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zilikuwa na kasoro katika programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa 8, zinakufa, na yaliyomo hayarudi. Kampuni ilitoa programu mpya ya kurekebisha. Sasa fikirini mtu aliyefunga mbili kama hizo siku moja, saa moja. Zingefikisha saa hiyo pamoja, na mpango wake wa kujikinga ungekwisha kwa dakika zile zile. Basi nunueni moja ya kiwanda hiki na moja ya kile, na mara mbili kwa mwaka fundi aangalie kama kiwanda kimetoa programu mpya ya ndani.

Tena mbili hizo si nakala. Karani akifuta jina la mwanachama kwa bahati mbaya, limefutika kote kuwili mara moja. Nakala ni ile iliyotoka nje ya ofisi. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliharibu hata hospitali ya Kilembe. Yangekuta seva na nakala yake katika kabati moja yasingechagua. Twapendekeza kila wiki nakala ya Kasese ipelekwe Bwera, na ya Bwera iletwe Kasese. Kati ya miji hii pana zaidi ya kilometa 50, na mvua moja haiifikii yote kwa urahisi. Nakala ifungwe kwa nywila, maana ina majina na mishahara ya watu, na sheria ya Uganda ya 2019 ya ulinzi wa data na faragha inalihusu tawi pia. Nywila iandikwe, iwekwe katika bahasha iliyofungwa, ishikwe na maofisa wawili.

Nakala hizo ziwekwe kwenye hadidiski ya kawaida ya nje, si kwenye SSD. Sababu yake watu wengi hawaijui. Chaji katika chipu huvuja polepole diski ikiwa haina umeme, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Kipimo ambacho viwanda hukifuata ni kwamba SSD ya nyumbani iliyokwisha kumaliza uvumilivu wake ishike mambo kwa mwaka mmoja katika joto la nyuzi 30. Ile ya seva, ambayo hutegemewa kuwa kazini wakati wote, miezi mitatu tu katika nyuzi 40. Ikiwa mpya hushika muda mrefu zaidi, lakini kabati la bati kule Mpondwe si mahali pa kufanyia majaribio na akiba za watu.

Diski zikifika, namba zake ziandikwe katika kitabu cha mali ya tawi pamoja na tarehe ya kununua na mwisho wa dhamana. Kisha, kabla hesabu hata moja ya mwanachama haijahamishwa, zijaribiwe. Fundi aweke seva ikiandika malipo ya uongo mfululizo, na kompyuta ya pili ihesabu kila malipo ambayo seva imesema "nimeandika". Wakati kazi inaendelea, waya wa umeme uchomolewe nyuma ya seva yenyewe, si kwenye UPS. Iwashwe, ihesabiwe: kila malipo yaliyokubaliwa yawepo. Lifanyeni hilo mara kumi. Anayechomoa waya awe mweka hazina, na wajumbe wawili wa halmashauri wawepo na watie sahihi kila hesabu. Likikosekana hata malipo moja, diski irudishwe dukani siku ile ile pamoja na karatasi hiyo ya sahihi.